MAISHA YA ABUL-QASIM AZ-ZAHRAWI, TABIBU WA ANDALUS

DIBAJI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake na jamaa zake na Sahaba zake wote, twawaletea ndugu zetu wasomaji katika kijitabu hiki khabari za mtu mmoja katika wakubwa wa Kiislamu, ambaye jina lake lajulikana zaidi kwa wageni kuliko kwa wenyewe. Mtu huyo ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, tabibu wa Andalus, ambaye Wazungu walimwita Albucasis, wakajifunza kazi ya kupasua katika kitabu chake kwa karne nyingi.

Hatukumchagua ili tupate kujifakhiri. Kujifakhiri kwa ilimu ya waliokufa, na walio hai wamelala, si kazi ya mwenye akili. Tumemchagua kwa ajili ya jambo moja aliloliona kwa macho yake na kuliandika kwa kalamu yake, nalo ni kuwa mwili wa mwanamke una hukumu zake katika utabibu, na ya kuwa tabibu aliyejifunza mwili wa mwanamume peke yake amejifunza nusu ya ilimu, na hiyo nusu iliyobaki ataijaribu juu ya roho za watu. Jambo hili halikwisha kwa kufa kwake. Lingali linaua katika zama zetu, na sisi wanaume tuna sehemu yetu ndani yake, kama msomaji atakavyoona mbele.

MAHALI ALIPOZALIWA NA ZAMA ZAKE

Katika mwaka wa 325 wa Hijria, nao ni mwaka wa 936 wa Miladi, Khalifa Abdurrahman wa Tatu, aliyeitwa An-Nasir, alianza kujenga mji wa kifalme upande wa magharibi wa Qurtuba, mwendo wa yapata maili tano, akauita Madinat az-Zahra. Ukawa mji wa marmari na bustani na maji ya kupita. Katika mji huo ndimo alimozaliwa Abul-Qasim, yapata wakati ule ule wa kujengwa kwake, na kwa mji huo akanasibishwa, akaitwa Az-Zahrawi. Nasaba yake yarejea kwa Ansari wa Madina.

Qurtuba ya siku zile ilikuwa taa ya nchi za magharibi. Alipotawala Al-Hakam wa Pili, tangu mwaka wa 961 hata mwaka wa 976, vitabu vilinunuliwa kila mji vikaletwa Qurtuba, na wanazuoni wakaja nyuma ya vitabu. Katika hali hiyo Abul-Qasim alikua, akasoma, akaushika utabibu asiuache mpaka mwisho wa umri wake.

Khabari za nyumbani mwake zilizotufikia ni chache, kwani mji wake uliharibiwa na fitina kama tutakavyotaja. Lakini Ibn Hazm, mwanachuoni mkubwa wa Andalus, alimdiriki akakisifu kitabu chake, na Al-Humaydi, aliyeandika tarikh za watu wa Andalus, amemtaja kuwa ni mtu wa dini na fadhila na ilimu. Mengine yote tunayoyajua juu yake twayapata katika kitabu chake mwenyewe, na kitabu cha mtu mkweli ni shahidi wa kutosha.

KITABU CHAKE

Kitabu hicho chaitwa At-Tasrif. Kina makala thelathini, nacho alikimaliza yapata mwaka wa 1000, baada ya kutibu watu miaka mingi. Ndani yake mna maradhi na dawa, namna ya kuzichanganya, vyakula vya wagonjwa, na mengineyo. Lakini iliyomtukuza ni makala ya mwisho, ya thelathini, iliyo katika kazi ya mkono. Aliigawanya milango mitatu: wa kwanza katika kupiga pisho kwa chuma cha moto, wa pili katika kupasua, wa tatu katika kuunga mifupa. Akachora humo sura za vyombo vyake, yapata mia mbili, ili fundi apate kuvifua na mwanafunzi apate kuvijua. Kabla yake hakikujulikana kitabu cha kupasua kilichochorwa vyombo namna ile.

Mwanzo wa makala hiyo alilalamika. Alisema ya kuwa kazi ya mkono katika nchi yake ilikuwa karibu kupotea, kwa sababu watu waliishika bila ya kujua umbo la viungo na mahali mishipa inapopita. Kisha akataja aliyoyaona mwenyewe. Katika hayo ni khabari ya mwanamke mmoja aliyekuwa na uvimbe shingoni. Tabibu mmoja mjinga akamkata uvimbe ule, asijue mishipa iliyo chini yake, akaipasua. Damu ikatoka isizuilike, mpaka yule mwanamke akaanguka akafa mbele yake.

Az-Zahrawi hakulitaja jina la tabibu yule, wala hakutaka kumfedhehi. Alitaka wanafunzi wake wajue kuwa mkono usiotanguliwa na ilimu ni kisu cha mchinjaji. Na ndiyo kanuni iliyomwongoza katika kila alichoandika juu ya wanawake: usidhani, jua kwanza.

KIJIWE CHA KIBOFU

Maradhi ya kijiwe katika kibofu yalikuwa mengi katika zama zile, na matabibu walikuwa na njia ya kukipasua na kukitoa waliyoirithi kwa Wayunani. Njia ile ilikuwa imepimwa juu ya mwili wa mwanamume. Az-Zahrawi alipokwisha kuieleza, hakusema kuwa mwanamke ni vivyo hivyo. Alimwekea fasili yake peke yake.

Alisema katika fasili hiyo kuwa kijiwe hakiwapati wanawake illa kwa nadra, lakini kikimpata mmoja wao, matibabu yake ni mazito kwa sababu nne. Ya kwanza, huenda mwanamke akawa ni bikira, basi tabibu hana njia ya kumpima kama ampimavyo mwingine. Ya pili, mwanamke mwenye haya na mwenye maharimu hajifunui mbele ya tabibu mwanamume. Ya tatu, hapatikani mwanamke aliyeijua vema kazi hii, khasa kazi ya kupasua. Ya nne, mahali pa kukata katika mwanamke pako mbali na kilipo kijiwe, basi yahitajia kukata ndani zaidi, na katika hilo mna khatari.

Tunamwomba msomaji asimame kidogo hapa. Sababu ya nne ni ya maumbile, wala hapana mtu awezaye kuigeuza. Ya kwanza na ya pili ni za stara, na stara ni jambo tukufu. Lakini ya tatu si ya maumbile wala si ya stara. Ni kazi ambayo watu hawakuifanya. Lau wangaliwafundisha wanawake utabibu, sababu ya tatu ingaliondoka, na ikiondoka hiyo, ya kwanza na ya pili zingalikuwa nyepesi nazo. Mwanamke yule angalitibiwa na mwanamke mwenziwe, na stara yake iko pale pale.

Wala tabibu huyu hakukomea katika kuhesabu sababu akamwacha mgonjwa afe. Akasema, dharura ikikulazimisha, mtafute mwanamke tabibu anayeijua kazi, nao ni wachache. Usipompata, basi na awe tabibu mwanamume mwenye kujizuia na mpole, na awe pamoja naye mkunga mzoefu wa mambo ya wanawake, au mwanamke mwenye kujua kitu katika kazi hii. Mwanamke huyo ndiye atakayepima kwa mkono wake, na tabibu amwelekeze neno baada ya neno. Kisha akaeleza kila hatua ya kazi yenyewe. Hivyo alizikusanya haki mbili, haki ya stara na haki ya roho, asiipoteze moja kwa ajili ya nyingine.

Ilimu ya leo imebainisha sehemu ya yale aliyoyaona. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa yapata sentimita 4, na ya mwanamume yapata sentimita 20. Kwa ufupi huo vijidudu vya maradhi huingia kwa wepesi katika kibofu cha mwanamke, ndiyo maana maradhi ya mkojo yenye kuchoma huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Kiungo ni kimoja kwa jina, lakini maradhi yake mbalimbali.

MAFUNZO YAKE KWA WAKUNGA

Katika mlango huo huo Az-Zahrawi aliandika fasili kwa ajili ya wakunga. Aliwafundisha alama za uzazi wa salama, kisha akataja namna mbalimbali ambazo mtoto hugeuka tumboni: anayetanguliza miguu, anayetanguliza mkono, anayelala ubavu, na mapacha. Kwa kila namna akaeleza vipi mama alazwe na vipi mkunga afanye. Akafundisha tena namna ya kumtoa mtoto aliyekufa tumboni ili kuiokoa roho ya mama, na namna ya kulitoa kondo la nyuma linapokwama.

Akachora na vyombo vya kazi hiyo. Mojawapo ni chombo cha kufungulia njia ya uzazi, kilichofanywa kwa mti wa mpingo au mti mwingine mgumu, vipande viwili vilivyoungwa kwa parafujo mbili, kikifunguka polepole kwa kadiri ya haja, kisimwumize mgonjwa. Mwenye kukitazama katika mchoro ataona ya kuwa aliyekibuni alimfikiri mgonjwa pamoja na maradhi.

MWANAMKE WA MIFUPA

Katika khabari za ajabu alizoziandika ni hii. Mwanamke mmoja alichukua mimba, mtoto akafa tumboni asitoke. Akachukua mimba ya pili, na huyo naye akafa. Zikapita siku nyingi, akapatwa na uvimbe katika kitovu, ukakua mpaka ukapasuka, ukawa watoka usaha. Az-Zahrawi akaitwa. Akamtibu muda mrefu, donda lisifunge. Akalitia dawa ya kuvuta, ukatoka mfupa mmoja. Baada ya siku kidogo ukatoka wa pili. Akastaajabu sana, kwani tumbo si mahali pa mifupa. Akafikiri, akatambua kuwa ni mifupa ya kitoto kilichokufa. Akachunguza donda, akatoa mifupa mingi, na mwanamke yule akaishi muda mrefu baadaye hali yake njema, illa usaha kidogo uliokuwa ukimtoka.

Kwa nini aliliandika jambo la nadra kama hili? Alisema mwenyewe kuwa katika mambo ya nadra mna ilimu na msaada kwa tabibu. Matabibu wa leo wanaosoma khabari hiyo huihesabu katika maandishi ya kale kabisa juu ya mimba iliyokuwa nje ya mji wa uzazi. Angaliweza kusema kuwa haya ni mambo ya wanawake, akamwachia mkunga na uchawi. Bali alikaa kando ya mgonjwa wake, akatazama, akafikiri, akaandika.

KIJIJI CHA WANAUME WENYE KUTOKWA NA DAMU

Na ili msomaji asidhani kuwa kutofautisha baina ya mume na mke ni kwa faida ya wanawake tu, na tutaje khabari nyingine katika At-Tasrif. Az-Zahrawi alifika katika kijiji kimoja, akakuta wanaume ambao mmoja wao akipata jeraha kubwa, damu humtoka isikome mpaka akafa. Na watoto wao wa kiume, mmoja alisuguliwa ufizi kwa mkono tu, akatokwa na damu mpaka akafa. Akaandika kuwa hakupata kuyaona maradhi haya mahali pengine, wala hakuyakuta katika vitabu vya waliotangulia, wala hakuijua sababu yake.

Sababu yake ilikuja kujulikana baada ya karne nyingi. Maradhi hayo leo yaitwa hemofilia. Asili yake ni kasoro katika kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana kromosomu mbili za namna hiyo, na mwanamume anayo moja. Basi mwanamke akipata moja yenye kasoro, ya pili aghalabu humkinga, lakini humrithisha mwanawe. Na mwanamume akiipata, hana ya kumkinga. Kwa hivyo maradhi hushuka kwa mama yakadhihiri kwa mwana. Tazama, ewe msomaji, jinsi maradhi ya mwanamume yasivyofahamika mpaka umejua mwili wa mwanamke. Mwenye kuacha kumchunguza mmoja hakumjua hata huyo wa pili.

KUFA KWAKE NA SAFARI YA KITABU CHAKE

Mwisho wa maisha ya Az-Zahrawi ulikuwa wakati wa msiba wa Andalus. Fitina ilizuka katika mwaka wa 1009, Waislamu wakapigana wao kwa wao, na katika mwaka wa 1010 Madinat az-Zahra ikatekwa ikaporwa, baadaye ikawa magofu. Abul-Qasim alifariki yapata mwaka wa 1013, sawa na mwaka wa 404 wa Hijria. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mji ukafa na kitabu kikaishi. Katika karne ya kumi na mbili Gerard wa Cremona alikitafsiri Toledo kwa Kilatini ile makala ya kupasua. Guy de Chauliac, mpasuaji mkubwa wa Ufaransa aliyeandika katika mwaka wa 1363, alimtaja Az-Zahrawi mara nyingi sana. Katika mwaka wa 1497 makala hiyo ilipigwa chapa Venice.

Na upande wa Uislamu, katika mwaka wa 1465 tabibu wa Kituruki aitwaye Sharafuddin Sabuncuoğlu, wa mji wa Amasya, alitunga kitabu cha kupasua kwa lugha ya Kituruki, asili yake At-Tasrif. Yeye akaongeza jambo: alichora picha za tabibu na mgonjwa katika kazi. Katika picha hizo wamo matabibu wanawake wakiwatibu wanawake wenzao kwa vyombo mikononi. Kabla yake, huko Magharibi, dada wa tabibu Abu Bakr bin Zuhr, pamoja na binti wa dada huyo, walikuwa mahodari wa utabibu, wakiwatibu wanawake wa nyumba ya Khalifa Al-Mansur. Basi jambo alilolitamani Az-Zahrawi halikuwa muhali. Palipokuwa na watu waliolitaka, lilikuwa.

YALIYOTOKEA KATIKA ZAMA ZA KARIBU

Huenda mtu akasema, haya ni mambo ya kale, na leo zimekuja mashine na dawa za kila namna, basi lile pengo limekwisha zibwa. Twajibu kuwa pengo lilibaki hata kwa wale waliotangulia katika ilimu, na lililowafungia mlango halikuwa stara, bali khofu.

Katika mwaka wa 1957 ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi dawa ya usingizi na kichefuchefu iitwayo thalidomaidi. Wanawake wenye mimba wakaitumia, kwani waliambiwa ni salama. Ikaondolewa sokoni huko mwishoni mwa mwaka wa 1961, baada ya watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali kuzaliwa na viungo vilivyokatika au kupinda. Ulikuwa msiba mkubwa, nao ulitokea kwa sababu dawa ilitolewa kwa wenye mimba kabla ya kujulikana itawafanya nini.

Basi katika mwaka wa 1977 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilitoa mwongozo kuwa wanawake wote wanaoweza kushika mimba wasitiwe katika majaribio ya mwanzo ya dawa mpya. Makusudio yalikuwa ni huruma. Lakini tazama lililofuata: dawa zikapimwa juu ya wanaume, kiasi chake kikakadiriwa kwa miili ya wanaume, kisha zikauzwa kwa wanaume na wanawake. Mwanamke hakuepushwa na khatari. Aliondolewa tu mahali ambapo khatari yatazamwa na matabibu, akapelekwa kukutana nayo peke yake nyumbani mwake. Mwongozo ule ulibatilishwa katika mwaka wa 1993, na mwaka huo huo sheria ya Marekani ikalazimisha kuwa wanawake watiwe katika uchunguzi wa maradhi unaolipiwa na mali ya serikali.

Matokeo ya uzembe ule yalionekana. Katika mwaka wa 2001 wakaguzi wa serikali ya nchi hiyo walizitazama dawa kumi zilizoondolewa sokoni tangu mwaka wa 1997, wakakuta nane katika hizo kumi zilikuwa na khatari zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Na iko dawa ya usingizi iitwayo zolpidemu, iliyoruhusiwa Marekani katika mwaka wa 1992. Mwili wa mwanamke huiondoa polepole kuliko wa mwanamume, basi asubuhi huamka nayo ingali katika damu, akapanda gari akili haijatulia. Illa katika mwaka wa 2013 ndipo ilipoamriwa kuwa kiasi cha kuanzia kwa mwanamke kipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 hata 5. Yapata miaka ishirini wanawake walikuwa wakimeza kipimo kisichokuwa chao.

Kadhalika maradhi ya moyo. Maumivu ya kifua ni alama iliyo kubwa kwa wote. Lakini mwanamke huzidi kupatwa na kukatika pumzi, kichefuchefu, uchovu usio na sababu, na maumivu ya mgongo au taya, basi watu wa nyumbani, na pengine hata matabibu, husema ni tumbo au ni wasiwasi, na moyo wake unakufa.

Na uzazi, ambao Az-Zahrawi aliuandikia fasili miaka elfu iliyopita, bado ni uwanja wa vita. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka wa 2023 walikufa wanawake yapata 260,000 kwa sababu ya mimba na uzazi, na yapata sabini katika kila mia yao ni wa Afrika iliyo kusini ya Sahara. Kubwa katika yanayowaua ni kutokwa na damu baada ya kuzaa.

Hapa pana khabari njema, nayo yahusu nchi zetu wenyewe. Katika mwaka wa 2023 ilitangazwa natija ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, juu ya wanawake zaidi ya 200,000 waliozaa. Zamani mkunga aliikisia damu kwa jicho, na jicho hukosea. Kwa kukisia, karibu nusu ya waliotokwa na damu nyingi hawakutambuliwa. Katika uchunguzi huu mzazi alitandikiwa chini yake kitambaa cha plastiki chenye mfuko ulioandikwa vipimo, damu ikakusanyika ikapimwa, na ilipofika mpaka uliowekwa, dawa zote na kazi zote zikafanywa kwa pamoja bila ya kungoja. Kwa njia hiyo waliotambuliwa walikuwa zaidi ya tisini katika kila mia, na mambo mazito ya kutokwa na damu yakapungua kwa yapata sitini katika mia. Hapakuwa na mashine ya ajabu. Palikuwa na watu waliokubali kumchunguza mwanamke mwenyewe, na wanawake waliokubali kuchunguzwa. Ndiyo kanuni ya tabibu wetu: usidhani, jua kwanza.

YATUPASAYO SISI

Ndugu zangu, twasoma maisha ya watu ili yatuzindue. Na aliye mkubwa wa nyumba katika miji yetu ya pwani, toka Lamu hata Kilwa, ni mwanamume. Mara nyingi yeye ndiye mwenye fedha ya dawa, na ruhusa ya safari, na neno la mwisho usiku wa manane mkunga anapotoka chumbani akasema kuwa mambo yamemshinda. Basi maneno haya yatuhusu sisi kabla ya kuwahusu matabibu.

La kwanza, mke au mama au binti akilalamika maumivu, tusiyadharau kwa kusema kuwa ndiyo desturi ya wanawake. Az-Zahrawi, pamoja na ukubwa wa ilimu yake, alistaajabia mfupa mmoja, akautafutia sababu.

La pili, tusiifanye stara kuwa kisingizio cha uvivu wetu. Wanazuoni wamekwisha kubainisha kuwa dharura ina hukumu yake, na tabibu wetu ametuonyesha namna ya kuihifadhi haya ya mwanamke pamoja na roho yake. Mwenye kumzuia mkewe asiende hospitali mpaka damu imwishe, kisha akasema kuwa amehifadhi heshima yake, amehifadhi nini?

La tatu, tuwasomeshe binti zetu utabibu. Mtu atakaye mkewe atibiwe na mwanamke, naye amemtoa bintiye chuoni kabla ya wakati, ni kama mtu atakaye kuvuna asilolipanda. Ile sababu ya tatu ya Az-Zahrawi ingaliko katika miji mingi yetu, na dawa yake iko mikononi mwa akina baba.

La nne, wakija watu wa hospitali wenye amana kuwachunguza wanawake wetu kwa ridhaa yao, na sharti zikiwa wazi na khatari zimeelezwa, tusiwe wa kwanza kukataa kwa niaba yao. Dawa isiyopimwa juu ya mwanamke itapimwa juu yake vilevile, lakini itakuwa bila ya tabibu kuwapo.

Az-Zahrawi aliona mwanamke akifa mbele ya mjinga, akaitumia sehemu kubwa ya umri wake ili jambo lile lisirejee. Mji wake ukawa magofu, na jina lake likageuzwa kwa ndimi za wageni, lakini wanawake wengi wasiohesabika walizaa wakaishi kwa yale aliyoyaandika. Hiyo ndiyo sadaka isiyokatika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na matabibu wote waliofuata njia ya ilimu na huruma, awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi wazazi wetu wa kike na wake zetu na binti zetu, na atufanye sisi kuwa katika wale wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema. Amin.